Aanze na barua pepe yake mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtoto wa familia isiyo na uwezo akipata nafasi ya kufundishwa kompyuta, aanzie wapi? Wengi ninaozungumza nao wanataka aanze na mambo makubwa: kuandika programu, usanifu wa picha, akili unde. Yote hayo ni mazuri na wakati wake utafika. Mimi hujitolea kufundisha vijana kompyuta siku za Jumamosi hapa Mbagala, na jibu langu ni kwamba aanze kwa kujua kufanya shughuli zake mwenyewe, bila kumwachia mtu mwingine paswedi yake.

Tazama kinachomsubiri kijana wa Kitanzania. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kubadilisha tahasusi ni mtandaoni. Akimaliza kidato cha sita, kuomba chuo ni mtandaoni. Mkopo wa elimu ya juu ndio usiseme. Afungue akaunti kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, alipe ada ya maombi shilingi 30,000, ahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki ahakiki na cheti cha kifo. Ajaze fomu, aichapishe, aipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu ikasainiwe na kugongwa mihuri, kisha aiskani na kuipakia tena. Siku akitafuta kazi serikalini, atakutana na Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi hizo, na huko namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni lazima.

Mwenye kaka na laptop nyumbani anayamaliza haya sebuleni. Asiye na mtu anakwenda steshenari.

Kule anakaa kwenye benchi na kusubiri zamu, na wa kubofya ni mhudumu. Barua pepe anafunguliwa palepale, paswedi anachaguliwa, na wakati mwingine hata namba ya simu ya kurejesha akaunti si yake. Sisemi wahudumu hawa ni watu wabaya. Wana foleni ndefu, na wamewasaidia watoto wengi ambao wasingeweza kuomba chochote. Lakini Bodi ya Mikopo ikikuta kasoro kwenye maombi hutoa muda wa kurekebisha, na taarifa ya kasoro inasomwa ndani ya akaunti. Sasa mwenye akaunti yuko nyumbani Kijichi, paswedi iko kwenye daftari la steshenari. Namfahamu kijana, yatima wa baba, aliyekuja kujua kwamba ukurasa wa sahihi haukupakiwa wakati dirisha limeshafungwa. Alikuwa na vigezo vyote vya kupewa mkopo. Mwaka mzima ukapita yuko mtaani.

Kwa hiyo sianzi na vizazi vya kompyuta, wala sehemu za kompyuta na kazi zake, ingawa vitabu vingi ndivyo vinavyoanza. Naanza na faili.

Hapa niwaeleze kidogo, maana watu hudhani kijana anayechezea simu kutwa anajua na kompyuta. Simu wanaijua kweli, ila simu haikuonyeshi vitu vyako vinakaa wapi. Mwanafunzi anaandika barua nzuri ya maombi, namwambia aihifadhi, anabofya, anafunga. Namuuliza, barua iko wapi? Ananijibu, "Ipo kwenye Word, mwalimu." Wiki inayofuata anafungua Word na barua haioni. Basi tunakaa hapo muda mrefu. Atengeneze folda yenye jina lake, faili alipe jina linaloeleweka, azime mashine, aiwashe, aitafute. Ainakili kwenye flashi. Ajitumie kwa barua pepe aliyoifungua kwa mkono wake, aipakue tena kwenye mashine ya jirani. Akiweza hilo bila kuniita, somo limeingia.

Flashi nazo zina somo lake. Kuna kirusi kilichozoeleka sana kwenye steshenari zetu, kinachoficha folda zote na kuacha shotikati, yaani alama za njia ya mkato tu. Binti mmoja alikuja na flashi ya namna hiyo, ndani yake vyeti vyake vyote alivyokwishalipia kuskani, akiamini vimepotea. Nilimkalisha kwenye mashine yetu ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio tofauti na Windows, ambao huonyesha faili zilizofichwa na kirusi hicho. Nikamwonyesha pa kubofya ili flashi ifunguke, yeye akabofya. Vyeti vikatokea kimoja kimoja: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kifo cha mama yake. Akavihamisha mwenyewe, akaifuta flashi, akavirudisha. Jumamosi iliyofuata alikuwa anamfundisha mwenzake.

Najua wapo watakaosema mwalimu si lazima, mpeni mtoto mashine atajua mwenyewe. Mwaka 1999 Sugata Mitra, mtafiti wa India, aliweka kompyuta kwenye tundu la ukuta huko Kalkaji, New Delhi, na watoto wa mtaani wakajifunza kuitumia bila kuelekezwa. Na hapa kwetu Tanga, katika shindano la Global Learning XPRIZE lililohitimishwa 2019, watoto wa vijijini waliopewa tableti zenye programu za Kiswahili walianza kusoma, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga darasani. Nayafurahia sana haya, hasa ya Tanga, kwa kuwa yameonyesha mtoto akifundishwa kwa lugha anayoiota usiku anakwenda mbio. Lakini Peru iligawa laptop nyingi kwenye shule za vijijini, na utafiti uliotolewa 2012 haukuona nafuu katika hisabati wala lugha. Kubofya mtoto atajifunza peke yake. Kwamba asimpe mtu paswedi, au kwamba jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kwenye cheti, hayo lazima awepo wa kumwambia.

Na zaidi ya mwalimu, anahitaji saa za kukaa kwenye mashine. Watoto watano kwenye kompyuta moja maana yake mmoja anajifunza na wanne wanatazama, na anayeshika mausi karibu kila mara ni mvulana. Kwangu nimeweka utaratibu kwamba msichana ndiye anayeanza kushika.

Ombi langu kwa wanaopanga mambo ya elimu ni hili. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Miezi yote hiyo vijana wako nyumbani, na ndiyo miezi wanayohitaji kujaza mambo yao mtandaoni. Shule yenye chumba cha kompyuta ikifungue kwao jioni na Jumamosi, hata wasio wa shule hiyo. Gharama yake ni posho ya mwalimu mmoja, bando la intaneti na umeme wa LUKU. Halmashauri inaweza kulibeba hilo kuanzia Novemba hii.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam