Nilikumbatiwa na Amma, sasa nataka kuacha kazi nihamie Amritapuri: jibu

Dada, nimekusoma mara mbili. Tangu Mata Amritanandamayi, yaani Amma, mwalimu wa kiroho wa Kihindu anayebariki watu kwa kuwakumbatia, akukumbatie kule Kerala, India, unalia kila siku, na sasa unataka kuacha kazi ukaishi Amritapuri, kwenye ashramu yake, yaani makao ya kiroho. Nakuelewa kabisa. Mimi nilisubiri saa saba, tokeni ya foleni imelowa jasho mkononi. Akaniegemeza begani, sari yake nyeupe ikinukia waridi, akaninong'oneza Kimalayalam sikioni, akanitia kiganjani peremende na kipakiti cha majivu matakatifu. Miguu iliisha nguvu, wahudumu walininyanyua.

Lakini barua ya kuacha kazi usiiandike bado. Omba likizo ya mwezi, rudi ukae kama mgeni. Amka alfajiri kwa sala, osha masufuria, fanya seva, yaani kazi ya kujitolea, na wenzako. Ikifika wiki ya tatu utaanza kujua kama ni wito, au ni uchovu uliopata pa kutulia.

Darshani, yaani huko kukumbatiwa na Amma, ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa akufikishe mbele, muepuke. Akiba yako usiitoe yote. Na kama hulali wala huli, muone mshauri wa afya ya akili. Baraka uliyoipata haitapungua kwa hilo.

Nyumbani umeshawaambia?