Neno Refu la Kidenmark Husomwa Kuanzia Mkiani

SWALI: Mhariri, kila jioni ninajifunza Kidenmark kwa simu nikiwa kwenye matatu ya kurudi Umoja, na kinachonitatiza ni nomino zinazounganishwa hadi zikajaza mstari mzima. Juzi nilimwambia rafiki yangu wa Copenhagen kwamba ninatafuta mwalimu wa somo la Kidenmark, naye akaniuliza kwa nini ni lazima awe raia wa Denmark. Nilikosea wapi? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani maneno yako yalikuwa sahihi ila shadda, yaani mkazo wa sauti kwenye silabi, ilikwenda kombo. Dansklærer, likitamkwa kwa shadda kuu kwenye dansk na shadda hafifu kwenye lærer, ni mwalimu wa Kidenmark. Lakini dansk lærer, maneno mawili, shadda ikiwa kwenye lærer, ni mwalimu ambaye ni raia wa Denmark, hata kama anafundisha hesabu. Ulimi uliolelewa na Kiswahili hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho, kama vile mwanafunzi linavyokazwa kwenye fu na hawatatuandikia, lenye silabi 8, kwenye ki. Katika dansklærer silabi hiyo ni læ, na hapo ndipo uliponaswa. Nomino ambatano za Kidenmark kwa kawaida hubakisha shadda kuu pale neno la kwanza lilipokuwa nayo likiwa peke yake.

Maana, kinyume chake, hukaa mwisho. Nyumba ni hus, ufunguo ni nøgle, na husnøgle ni ufunguo wa nyumba, wala si nyumba ya ufunguo. Ngeli pia hutoka mwisho: kati ya vijineno en na et vinavyotangulia nomino kuonyesha ngeli yake, hus huchukua et, nøgle huchukua en, kwa hiyo husemwa en husnøgle. Sisi hutanguliza ufunguo; wao huuchelewesha.

Herufi s inayojipenyeza katikati inastahili kuangaliwa kwa makini. Glasi ya mvinyo ni vinglas, bila s, lakini glasi ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglas, kwa sababu s hiyo inakuarifu kwamba rødvin limekwisha kuungana kabla ya glas kufika. Wekundu ni wa mvinyo, si wa glasi. Usiichukue kuwa kanuni isiyovunjika, kwani landsby, yaani kijiji, lina s ingawa limetokana na maneno mawili tu, land na by.

Jipime kwa speciallægepraksisplanlægningsstabiliseringsperiode, lenye herufi 51 na, kwa matamshi ya makini, silabi 18. (Sidhani kama utalihitaji sokoni.) Penye ss, s ya kwanza ni gundi na ya pili inaanzisha stabilisering. Anzia mkiani: kipindi cha kuimarisha upangaji wa kliniki za madaktari bingwa. Shadda kuu iko kwenye silabi ya mwisho ya special, kwa kuwa ndipo special hukazwa likiwa peke yake.