"Cholécystectomie" inasomwaje?

Dada, neno hili la Kifaransa, yaani operesheni ya kuondoa kifuko cha nyongo, lina silabi sita: ko-le-sis-tek-to-mi. Si "sholesistektomi". Ile ch ya mwanzo ni K kwa sababu neno lina asili ya Kigiriki, kholē, yaani nyongo. Ni ch ileile ya choléra, na hapa Bukavu hakuna anayesema "sholera".

Angalieni sana silabi ya nne. Wengi wanaimeza K na kusema "sistetomi", na hapo ndipo maana inapoharibika. Ektomi ni kukata na kuondoa kabisa. Tomi peke yake ni kupasua tu. Stomi ni kufungua tundu: kwenye kolesistostomi kifuko cha nyongo kinabaki mahali pake, kinawekewa mrija wa kutoa uchafu. Kolesistektomi na kolesistostomi ni operesheni mbili tofauti kabisa, na kwenye simu au nyuma ya barakoa zinasikika karibu sawa. Kwa hiyo tamkeni "tek" wazi, na kwenye fomu ya mgonjwa andikeni neno zima bila kufupisha.

Ukifika mwisho wa mstari, kata kwa silabi: cholécys-tectomie. Kwa kukariri maana, kata kwingine: cholé (nyongo), cyst (kifuko), ectomie (kuondoa).

Mkazo: Kifaransa kinaubeba mwishoni, "mi". Wenzetu waliosomea Uganda kwa Kiingereza wanaukaza kwenye "tek", nao hawajakosea.