Usikimbilie kugawa namba ndefu

Watu wakishajua unapenda kuchezea namba kwa kalamu na karatasi, hukuletea za kwao: "Hebu tuambie, hii ni tasa au si tasa?" Yaani, je, inagawanyika kwa 1 na yenyewe tu? Jibu langu huwa lilelile. Kabla ya kuanza kugawa, chunguza namba hiyo imeundwaje.

Chukua 4,294,967,297. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi hata 3 haimo. Hapo wengi huendelea na 7, 11, 13 na kupanda hivyohivyo. Tatizo ni kwamba ili uwe na hakika lazima ujaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Kwa mkono hiyo ni adhabu, si hesabu.

Sasa tazama umbo lake: ni 2^32 + 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba namba za ukoo huu (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha ongeza 1), yaani 3, 5, 17, 257, 65,537 na kuendelea, zote ni tasa. Hizo tano ni tasa kweli. Hii yetu ni ya sita, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Umbo lenyewe ndilo linalopunguza kazi: namba tasa yoyote inayoigawa lazima ibakize 1 ukiigawa kwa 64. Za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, umeshafika!

Na hata huhitaji kugawa. 641 ni 5 × 2^7 + 1, na pia ni 5^4 + 2^4. Kwa hesabu ya baki za 641 (namba mbili huhesabiwa sawa tofauti yake ikigawanyika kwa 641), 5 × 2^7 ni sawa na -1. Ipandishe kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Lakini 5^4 ni sawa na -2^4, kwa hiyo -2^32 ni sawa na 1. Basi 2^32 + 1 haibakizi kitu.

(Ukitumia kompyuta, angalia programu yako. Inayotunza namba nzima kwa biti 32 bila alama ya hasi itaigeuza namba hii kuwa 1, na utachunguza kitu kingine kabisa.)

Mwenzake 641, yaani namba unayoizidisha nayo kupata namba yetu, ni 6,700,417, nayo tasa. Kuna njia nyingine ninayoipenda: namba hii ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo ukiziona zote mbili umeshajua si tasa hata kabla ya kujua kinachoigawa. Kasheshe ni kuipata jozi ya pili. Kwa namba hii, mimi bado nachagua 641.