Anatafuna viatu, ananguruma: majibu ya daktari wa mifugo

Wiki hii barua zote ni za meno. Mbwa wa miezi mitatu, wa saba, wa kumi: huyu anatafuna, yule ananguruma, mwingine anafanya yote mawili. Nimechagua sita. Nina ombi moja kwanza. Mkiniandikia kuhusu mbwa, niambieni anashinda wapi mchana. Kati ya barua hizi sita ni moja tu iliyosema, na nusu ya jibu lake ilikuwa humo humo ndani.

Daktari, shikamoo. Nina mbwa wa miezi minne na nusu. Amemaliza ndala za nyumba nzima, kiatu cha shule cha mwanangu, na sasa yuko kwenye mguu wa kochi. Mume wangu anataka tupake pilipili kila kitu. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Kimara, Dar es Salaam)

Marahaba mama. Mfunue mdomo umtazame fizi, utaelewa. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Akikaribia miezi minne yanaanza kung'oka, na akifika miezi sita au saba anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Wako yuko katikati ya kazi hiyo. Fizi zinawasha na kuuma, na kitu kinachonesa ndicho kinachomtuliza. Ndala basi ni kama imetengenezewa yeye: inanesa, inanuka miguu ya watu anaowapenda, halafu iko chini. Ukikuta jino dogo sakafuni au tone la damu kwenye ndala, usishtuke. Meno mengine huyameza tu.

Pilipili mwachie baba alie mihogo. Itashika mikono ya watoto, mbwa akijipangusa itamwingia machoni, na zile fizi zilizotoka kung'oka meno ni vidonda. Tuseme imefanya kazi kwenye ndala: atahamia kiti ambacho hamkukipaka, maana hamu ya kutafuna haijaenda popote.

Viatu vyote viwekwe juu, leo hii. Halafu tafuta taulo kuukuu, ulifunge fundo, ulilowanishe, uliweke kwenye friza. Mpe alitafune likiwa la baridi, wewe ukiwa karibu, na umwondolee likianza kuchanika, kwa sababu nyuzi zikimezwa zinaweza kuukunja utumbo. Karoti nzima ya baridi nayo inafaa. Ukinunua mpira au mfupa wa bandia, ubonyeze kwa ukucha: usipobonyea hata kidogo, utavunja jino. Na usimpe kiatu kilichochakaa ukidhani atakiacha kipya. Kwake kiatu ni kiatu.

Kuna vitu vitatu tunavyowatupia mbwa uani bila kufikiri: mifupa ya kuku iliyopikwa, kokwa la embe na gunzi la muhindi. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Kokwa na gunzi vinaziba. Gunzi ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa linaonekana halina madhara. Mbwa analivunja vipande, anameza, na tumbo haliwezi kulisaga. Akianza kutapika, akakataa chakula na asipate choo, msimpe mafuta ya kula mkingoja kesho. Anahitaji daktari siku hiyo, na mara nyingi ni kisu.

Ukimkuta na kiatu mdomoni, usimkimbize. Kufukuzana ni mchezo, na utakuwa umemlipa kwa kuiba. Mwite, mpe kitu chake, chukua chako.

Nikirudi jioni nakuta ameharibu vitu. Ananiona tu, anainamisha kichwa na kulaza masikio, yaani anajua kabisa kosa lake. Nikimchapa ananguruma. Hiki si kiburi? Ana miezi minane, namfungia stoo saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku nikiwa kazini. (Msomaji, Morogoro)

Hii ndiyo barua niliyoisema. Saa kumi na tatu ndani ya stoo! Mbwa wa miezi minane ni kijana wa kidato cha pili: mfungie chumbani na magunia siku nzima, uone utakachokikuta jioni.

Nianze na ule uso wa "nisamehe". Mwaka 2009 mtafiti wa tabia za mbwa wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwa mbwa 14. Mbwa alikatazwa kula kipande cha chakula, mwenye mbwa akatoka chumbani, kisha aliporudi akaambiwa mbwa amekula au hakula, na mara nyingine aliambiwa uongo. Uso ule wa kujuta ulijitokeza zaidi pale mbwa alipokemewa, hata kama hakuwa amegusa kitu. Kwa hiyo mbwa wako hasomi kosa lake. Anasoma hatua zako, na namna unavyosukuma mlango. Fimbo ya saa moja usiku kwa gunia lililochanwa saa nne asubuhi inamfunza jambo moja: ukirudi na kukuta vipande sakafuni, kuna hatari.

Sasa kunguruma. Angalia mpangilio wake: kwanza ameinamisha kichwa, kisha amelaza masikio, pengine amelamba midomo au kugeuza uso. Hayo yote yalikuwa maneno, wewe hukuyasikia. Kunguruma ni neno la mwisho kabla ya meno. Ukimpiga hadi akaache, hofu itabaki palepale na onyo litakuwa limekufa. Mbwa wa namna hiyo ndio watu husema "aliniuma ghafla, hata hakulia". Mimi mbwa anayenguruma simwogopi nusu ya ninavyomwogopa aliyekatazwa kunguruma.

Fimbo iishe. Asubuhi kabla ya kazi mtembeze nusu saa, anusenuse. Pua ikichoka mbwa mzima amechoka. Chakula cha asubuhi usikiweke kwenye bakuli: vipande vya ugali mkavu na dagaa vitawanye kwenye majani, au vikunje ndani ya gunia kuukuu avitafute. Mtafute mtu, hata kijana wa jirani kwa malipo kidogo, amfungulie mchana. Kama hilo nalo haliwezekani, mjengee uzio penye kivuli na maji, atoke stoo. Na kama hata uzio hauwezekani, nitakuambia usichopenda: kwa maisha uliyonayo sasa, huna nafasi ya mbwa.

Nina jamani shepadi wa miezi saba, nilimnunua akiwa na wiki sita. Nikisogea anapokula ananguruma na kukakamaa. Baba mdogo anasema nitie mkono kwenye bakuli lake kila siku ajue nani mkubwa. Ni kweli? (Kijana wa Sakina, Arusha)

Mpe baba mdogo salamu zangu, kisha umwulize hivi. Yuko kwenye sinia la pilau harusini. Anakuja mtu asiyekula, anatia mkono, anavuruga wali, anaondoka. Kesho tena, na keshokutwa. Siku ya ngapi atamkata jicho?

Mbwa analinda chakula kwa kuwa anaamini ukija kitapungua. Dawa ni kumwonyesha kwamba ukija kinaongezeka. Mpe chakula chake cha kawaida, usimame mbali, hatua tano au sita, mahali ambapo bado anakula mwili ukiwa umelegea. Mrushie kipande cha kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, utumbo uliochemshwa kwa mfano, kisha uondoke. Ufanye hivyo mara tatu kila mlo. Siku zikipita, ukiona anainua kichwa kwa furaha unapotokea, punguza hatua moja. Akikakamaa au akianza kumeza harakaharaka, umekwenda mbio mno; rudi nyuma. Kazi hii ni ya wiki kadhaa. Kwa muda wote huo alie mahali pa peke yake, na mtoto yeyote asipite karibu hadi bakuli liwe tupu na limeondolewa. Akiwa tayari ameshamuuma mtu, usijaribu peke yako, mwite daktari amwone.

Mambo mawili zaidi. Kama kunguruma huku ni kupya, mkague: kwa umri huo chonge za utoto huweza kugoma kutoka na kubanana na za ukubwani, na kupe ndani ya sikio wanatosha kumfanya mbwa asitake kusogelewa. La pili, wiki sita ni mapema. Mtoto wa mbwa akae na mama yake angalau wiki nane, kwa sababu kwa ndugu zake ndiko anakojifunza kupima nguvu ya meno: akimng'ata mwenzake sana, mwenzake anapiga kelele na mchezo unaisha. Wauzaji wanawatoa mapema kwa vile wakianza kula wanakula hela. Wa kwako pengine alilia sinia moja na ndugu saba, na aliyezubaa alilala njaa.

Mbwa wangu wa kienyeji ana miezi mitatu. Anawafukuza watoto, ananguruma na kuwang'ata visigino. Jirani anasema ni dalili ya ukali, nimpe bangi na pilipili akomae. (Baba, Mwanza)

Bangi inamlevya mbwa. Anayumba, anazubaa, na mara nyingi anajikojolea. Mlinzi gani huyo? Pilipili inamwasha tumbo tu.

Huyo wako anacheza. Mbwa anayecheza anainamisha kifua na kuinua matako, mwili umelegea, anarukaruka, anakimbia kisha anarudi kukimbizwa yeye. Anayemaanisha hukaza mwili, hutulia tuli na kukodoa macho. Wafundishe watoto kwamba akianza visigino wasimame kama miti, mikono kifuani, kimya. Kisigino kisichokimbia hakina ladha. Wewe nawe, tumia wiki chache zilizobaki kumwonyesha dunia: bodaboda, watu wa kofia, wazee wa mkongojo, kuku, radi. Mlango wa kuzoea mambo kwa urahisi unaanza kufunga akiwa na wiki kama 14. Mbwa aliyezoea ya kawaida ndiye atakayebweka kwa lisilo la kawaida saa nane usiku.

Mimi ni Mwislamu, nafuga mbwa wa miezi kumi kwa ulinzi wa mbuzi. Anavuta nguo kwenye kamba na kubeba viatu barazani. Familia wanataka nikamtupe, kwa sababu ya mate. (Muheza, Tanga)

La mate mwachie shehe wako, na Tanga najua atakwambia uoshe palipoguswa mara saba, moja kwa udongo. La mbwa ni jepesi. Mbwa hukaa anapolishwa. Kama makombo yanatupwa nyuma ya jiko, atashinda nyuma ya jiko. Banda, maji na chakula vyote vihamie upande wa mbuzi, na kuanzia leo asipewe hata mfupa karibu na nyumba. Kamba ya nguo ipandishwe. Kanga inayopepea mbele ya mbwa kijana ni kama kuku anayekimbia. Hamu ya kutafuna hubaki hata baada ya meno kukamilika, wengine hadi mwaka na nusu, kwa hiyo awe na chake cha kutafuna huko bandani. Kumtupa ni kuwapelekea wengine shida yako, na yeye njaa.

Mbwa wetu wa miezi tisa alikuwa mpole. Tangu juzi ananguruma ovyo, anaguguna mlango na mawe, mate yanamtoka, na sauti imebadilika. Nadhani mfupa umemkwama kooni. Nimtoe vipi? (Dodoma)

Hii niliijibu kwa simu dakika ile ile nilipoisoma. Naiweka hapa kwa ajili ya mwingine.

Usitie mkono mdomoni. Tabia iliyogeuka kwa siku mbili, kuguguna vitu visivyolika, mate, sauti ya kukwaruza na kushindwa kumeza: mpaka ithibitike vinginevyo, huyo ni mbwa mwenye kichaa. Watu wengi wamejiambukiza wakitafuta mfupa ambao haukuwepo. Kama yumo bandani, fungeni mlango, watoto na mifugo wakae mbali, mwite afisa mifugo wa kata. Msimpige marungu ya kichwa, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa.

Aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na azimalize zote kwa tarehe atakazopangiwa. Asisubiri aone kama ataumwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, chanjo inayowahiwa inaokoa.

Chanjo ya mbwa yenyewe hutolewa akifika miezi mitatu, na hurudiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, kwa kawaida kila mwaka. Mama wa Kimara, umenieleza ndala zote kwa rangi zake, lakini kadi ya chanjo hukuitaja. Kama hana, amechelewa mwezi na nusu. Mpeleke kesho, na umfunge kamba imara. Akiwa garini atatafuna mkanda.