Chanjo za safari ya Hija, na kadi iliyogongwa muhuri bila sindano

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mkaazi wa Mombasa. Nimenuia, insha Allah, kumpeleka mama yangu Hija, na mimi mwenyewe itakuwa Hija yangu ya kwanza. Ajenti ametwambia kuna chanjo mbili lazima tuwe nazo: ya homa ya uti wa mgongo na ya homa ya manjano. Mama ana miaka 68 na ana sukari. Amekataa. Asema anakwenda nyumbani kwa Allah, na aliyemwita ndiye atakayemlinda. Tena amesikia kuwa sindano hizo zina nguruwe, na kwamba wale watu sabini elfu watakaoingia Peponi bila hesabu ni wale wasiojitibu. Sasa kuna mtu amejitolea kututolea kadi zimegongwa muhuri bila kudungwa, kwa pesa kidogo, na asema wengi hufanya hivyo. Tufanyeje? Na tukidungwa nasi tumefunga, saumu inaharibika?

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, umeuliza zaidi kuhusu sindano, lakini kilichonishtua mimi katika barua yako ni ile kadi. Hata hivyo nitaanza na sindano, kwa kuwa mama ndiye anayengoja jibu.

Mwambie mama kwamba hakuna kiumbe aliyemtegemea Allah kumshinda Mtume (s.a.w.), naye siku ya Uhud alitoka amevaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Ahadi ya ulinzi alikuwa nayo, na deraya akavaa. Na ile hadithi ya watu sabini elfu ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, lakini isomwe ilivyo: imewataja wasioomba kuzinguliwa (kusomewa dua ya kuponywa), wasioamini mikosi, wasiojichoma moto kwa tiba, na wanaomtegemea Mola wao. Haikutaja dawa zote. Mtume mwenyewe alipigwa chuku, na aliwaamrisha watu wajitibu kwa sababu Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Na kama mama atasema hiyo ni ya aliyekwisha ugua, na yeye ni mzima, basi kuna hadithi ya tende saba za Ajwa: atakayezila asubuhi hatadhuriwa siku hiyo na sumu wala uchawi. Hiyo ni kinga kabla ya dhara.

Nikiri kwamba upande mmoja mama ana hoja, na sitaki kumnyang'anya. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kujitibu ni sunna, si wajibu. Yule bibi aliyekuwa akianguka kifafa alimwendea Mtume amwombee, akahiyarishwa baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri. Hakulaumiwa.

Lakini kifafa hakikumtoka yule bibi kikamwingia jirani yake. Homa ya uti wa mgongo hutoka. Vijidudu vyake hukaa kooni kwa mtu, mara nyingi bila yeye kuumwa na chochote, na hupita kwa mate na pumzi. Aliyewahi kulala Mina, pale karibu na Makka mahujaji wanapolala mahemani, anaijua hema ilivyo: magodoro yamebanana hadi miguu ya huyu iko karibu na kichwa cha yule, mmoja akianza kukohoa usiku, asubuhi safu nzima inakohoa, na kikombe kimoja cha maji kinapita mikono mingi. Katika Hija ya mwaka 1987 ugonjwa huu ulilipuka kwa mahujaji, na baada yake ndipo Saudi Arabia ikaanza kuidai chanjo. Aina ile ile ya kijidudu ikaja kuonekana Sudan na Chad mwaka 1988, na Nairobi mwaka 1989. Mwaka 2000 ukazuka tena, kwa aina nyingine ambayo chanjo iliyokuwa ikitumiwa na wengi haikuikinga, na safari hii baadhi ya walioumwa Ulaya hawakuwahi kukanyaga Makka kabisa. Walikuwa watu wa nyumbani kwa mahujaji waliorudi. Hiyo ndiyo sababu leo inatakiwa chanjo yenye kinga ya aina nne: A, C, W na Y.

Basi mama afikirie wajukuu watakaomlaki na kumbusu siku ya kurudi. Haki ya kuacha dawa na kusubiri ni ya yule ambaye dhara yake inabaki kwake. Ikivuka kwenda kwa mwengine, inaingia kanuni ya Mtume (s.a.w.): hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na mtawala anapoweka sharti la kuwakinga watu kama hili, kulitii ni wajibu, kwa sababu si maasi. Kwa hiyo chanjo ya uti wa mgongo, kwa anayetaka kwenda Hija na hana udhuru wa kidaktari, naiona ni lazima kwake.

Kuhusu nguruwe, uvumi huu una mzizi, ndiyo maana haufi. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilichunguza chanjo ya uti wa mgongo iliyokuwa ikitumika kwa mahujaji wao, likakuta kwamba katika kuitengeneza kulipita kitu chenye asili ya nguruwe. Likasema ni haramu, isipokuwa kwa anayekwenda Hija ya faradhi au umra ya wajibu, maana hakukuwa na nyingine. Mwaka uliofuata zikapatikana mbili zilizo safi, moja ikiwa Menveo, na ile ruhusa ikaondolewa. Hao ni Mashafi kama sisi, na wamekwenda njia ya madhehebu hasa: Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, ameeleza kwamba inafaa kujitibu kwa najisi, isipokuwa kilevi, pale ambapo hakuna kitu tohara cha kushika nafasi yake. Wako maulamaa wengine, waliokutana Kuwait mwaka 1995, waliosema kwamba kitu kikibadilika umbile lake kabisa hukumu yake nayo hubadilika, hata jelatini ya mnyama najisi ikawa tohara. Ni kauli ya wanavyuoni wenye uzito, lakini mimi siiegemei sana, kwa sababu mlango huo katika madhehebu yetu ni mwembamba. Wala hatuihitaji hapa. Chanjo za aina nne zilizoenea siku hizi kimsingi ni vipande vya sukari ya ganda la kijidudu vilivyounganishwa na protini. Ya homa ya manjano hukuzwa katika mayai ya kuku. Mwombe muuguzi akuoneshe kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, humo vimeandikwa vyote vilivyomo. Ukikuta kilichokutia shaka, uliza kama iko ya kampuni nyingine. Ikiwa haipo, ichukue hiyo hiyo na moyo wako utulie, kwa kauli ya Nawawi niliyoitaja.

Kwenye homa ya manjano nageuza maneno, na hapa naomba usikilize kwa makini kwa ajili ya umri wa mama. Sindano hii haifanani na ya kwanza. Ndani yake mna kirusi hai kilichodhoofishwa, na madaktari huwa na tahadhari nayo kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, kwa sababu madhara yake makubwa, ingawa ni nadra, huonekana zaidi kwa watu wa umri huo. Vilevile kwa mwenye mimba, mwenye kinga dhaifu ya mwili, na ambaye mayai humletea mzio mkali. Sukari peke yake si kizuizi, lakini daktari aijue. Basi mama asipelekwe kwenye foleni pamoja na kikundi kizima, aingie ndani, aulizwe maradhi yake na dawa anazotumia, apimwe. Daktari akisema adungwe, adungwe. Akisema hapana, sheria haimlazimishi mtu ajidhuru ili apate karatasi. Daktari atamwandikia cheti cha msamaha, ambacho kinatambuliwa katika kanuni za afya za kimataifa, na ajenti awasilishe suala hilo mapema kwa wahusika wa viza, si siku mko uwanja wa ndege, kwa kuwa uamuzi wa kukikubali ni wa nchi mnayokwenda. Wakimkubali, alhamdulillah. Wakimkatalia, hana dhambi, kwa sababu Hija ni kwa mwenye uwezo wa kuifikia, na njia imezuiliwa kwake. Wala usikimbilie kumtafutia mtu wa kumhijia. Hilo ni la asiyetarajiwa tena kuweza kwenda mwenyewe, na kuzuiliwa mwaka mmoja hakujafika huko.

Kabla ya hayo yote, tafuta katika makaratasi yake. Kama aliwahi kusafiri zamani akachanjwa homa ya manjano, kadi ile ya njano, hata ikiwa imeandikwa miaka kumi na imepita, tangu Julai 11, 2016 inahesabiwa ni ya maisha. Huenda mnabishana juu ya sindano ambayo alishadungwa.

Sasa kadi ya kununua.

Hii ni haramu, na sioni tofauti ya wanavyuoni ndani yake. Allah anasema, “jiepusheni na uchafu wa masanamu, na jiepusheni na usemi wa uwongo.” Uwongo umetajwa pamoja na masanamu, na aya hiyo iko wapi? Iko katika Suratul Hajj, katikati ya maneno ya Nyumba tukufu na ibada zake. Na Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwahesabia masahaba madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye kauli ya uwongo na ushahidi wa uwongo akainuka akaketi, akawa anairudia na kuirudia mpaka wakasema nyoyoni laiti angenyamaza. Kadi ile ni ushahidi. Imeandikwa jina lako, tarehe, namba ya chanjo, na sahihi ya mtu anayeshuhudia kwamba kitu kimeingia mwilini mwako, na wewe unaibeba ukijua hakikuingia. Aliyeiuza ana dhambi, aliyelipa ana dhambi, na ajenti aliyewaunganisha naye yumo.

Tena viza mmepewa kwa masharti, na Waislamu wako juu ya masharti yao. Jirani yako wa godoro Mina amelala akiamini kwamba kila aliyelala pale ametimiza alichotimiza yeye. “Asiyetutendea uaminifu si katika sisi,” na huyo anayedanganywa hapo si afisa wa uwanja wa ndege tu.

Utaniuliza, atakayefanya hivyo Hija yake inasihi? Nguzo akizitimiza, inasihi na faradhi inamwondokea. Lakini Allah amesema aliyejilazimisha Hija asifanye uovu ndani yake, na Hija iliyo njema, ambayo haina malipo ila Pepo, sijui mtu anaitarajia vipi akiwa na uwongo mkobani pamoja na pasi yake. Kusema kwamba wengi hufanya hivyo si dalili ya sheria. Kama umeshatoa pesa, usizifuate. Ichane hiyo kadi ukadungwe, maana wewe ni kijana na huna udhuru.

Na usichelewe. Chanjo zote mbili zinahesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo mtu akidungwa wiki ya safari atatamani arudishiwe tarehe nyuma, na muuguzi mwenye huruma aweza kukubali. Huo nao ni uwongo ule ule, na mwili haujui tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kadi ya uti wa mgongo, tofauti na ile nyingine, huisha: miaka mitatu au mitano kwa kutegemea aina ya chanjo, basi muulize muuguzi na umwambie aiandike aina hiyo.

Kwa mama, usimfanyie ujanja wala usimkaripie. Mzazi hadungwi kwa kuburutwa. Msomee haya, na ukiona bado ana wasiwasi mtafutie daktari mwanamke Muislamu azungumze naye, pengine atasikia kwake asichokisikia kwangu wala kwako.

Ama saumu, sindano ya mkononi haiifunguzi. Haiingii kwa njia iliyo wazi ya mwili, wala si chakula. Nawawi ametaja kwamba dawa ikifikishwa ndani ya nyama ya muundi haifunguzi, na hii ni kama hiyo. Mtu akipandwa na homa baada ya sindano hadi akashindwa, afungue, na siku hiyo atailipa.

Wallahu a'lam.