Yoyo ya alumini ikitetema, anza na ekseli kabla ya beringi

Assalamu alaykum. Ndugu yetu wa Wete ameeleza kuwa yoyo yake ya alumini ilimponyoka ikaangukia sakafu ya saruji, na tangu siku hiyo inatetema hata akiitupa vizuri. Anauliza iwapo aagize beringi mpya, yaani ile pete ya gololi iliyo katikati, ambayo uzi huizunguka. Ninamwomba asiagize kitu kwanza. Mimi nilifanya haraka hiyo hiyo hapa Unguja Mjini: nikaingoja beringi wiki kadhaa, ikafika, nikaifunga, na yoyo ikatetema vile vile, kwa kuwa kilichopinda kilikuwa ekseli, yaani kile kijiti cha chuma kinachoviunganisha vipande viwili vya yoyo.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba huo ni mtetemo kweli. Yoyo inayolala upande mmoja kidogo kidogo hadi uzi ukakwaruza ukuta wake imetupwa vibaya, na hapo cha kurekebisha ni mkono. Inayotetema husimama wima, lakini unahisi mvumo ukipanda kwenye uzi hadi kidoleni, na ukiutazama ukingo wake penye mwanga unauona kama umekuwa miwili. Mtetemo unaojulikana kwa kugusisha ukucha tu hauharibu mchezo, nao hata yoyo nyingi mpya huwa nao.

Sasa ifungue. Katika yoyo nyingi za alumini ekseli ni skrubu ya milimita 4 isiyo na kichwa, inayotolewa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 2. Iviringishe juu ya kipande cha kioo, nawe uinamishe jicho hadi usawa wa kioo. Yangu ilipoviringika, mwanga uliokuwa chini yake ulitokea na kupotea, ukatokea na kupotea, kila ilipomaliza mzunguko. Usijaribu kuinyoosha kwa nyundo wala koleo, kwa sababu kupinda ambako jicho halikuoni bado kunatosha kuitetemesha yoyo inayozunguka kwa kasi. Nunua nyingine ya urefu ule ule, na sisi wa visiwani, kwa hewa yetu ya chumvi, ni bora tutafute ya chuma kisichoshika kutu.

Ikiwa ekseli imenyooka, safisha mahali beringi inapokaa, pande zote mbili, kwa pamba iliyoloweshwa spiriti na kuzungushiwa kijiti cha meno. Chembe moja ya mchanga hapo hukiinua kipande kimoja, kikakaa mshazari. Kisha unganisha upya na ujaribu. Ikitetema bado, igeuze ekseli, upande uliokuwa kulia uende kushoto, au izamishe nusu mzunguko zaidi katika kipande kimoja, na ujaribu tena baada ya kila badiliko. Fanya badiliko moja kwa wakati, la sivyo hutajua lipi limesaidia. Yangu ilitulia kwa jaribio la tatu.

Katika kufunga, nguvu ya vidole inatosha kabisa. Ninalisisitiza hili kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma cha pua cha ekseli, na anayekaza kwa nguvu akidhani atauzima mtetemo huzila hesi, yaani mikunjo ya ndani inayoishika skrubu, na hesi zikishaliwa ekseli haikai tena katikati.

Beringi yenyewe ichunguze mwisho: izungushe kwenye ncha ya penseli, na ikikwaruza, ioshe kwa spiriti, ikaushe, uitie tone moja dogo la mafuta ya cherehani. Tazama pia kama pedi ya silikoni, ile pete laini kando ya beringi inayoukamata uzi yoyo irudi mkononi, imebanduka upande mmoja.

Yote hayo yakishindikana, basi huenda anguko limeharibu kikalio chenyewe cha beringi, na hilo halitengenezeki nyumbani. Lakini usifike huko kabla ya kioo. Ukishaiviringisha, niandikie ulichokiona pamoja na urefu wa ekseli yako. Ninazo mbili za milimita 10, na ikiwa ndio urefu wako nitakupa moja ije kwa boti.